Goma: «Bei ni inboksi», neno dogo linalofukuza wateja

Picha ni nzuri. Vitenge vitatu vimekunjwa juu ya meza, manjano na bluu, jua la asubuhi limeingia kwa mlango. Chini yake muuzishaji ameandika: «Mali mpya imefika, wahi mapema!» Dakika chache tu na maswali yanaanza. «Mama, iko bei gani?» «Bei tafazali.» «Na mimi nataka kujua bei.» Kwa wote jibu ni moja: «Njoo inboksi.»

Wengi wameuliza. Wachache wataenda huko inboksi, na wachache zaidi watajibiwa siku ileile. Kesho yake kitenge kiko bado juu ya meza.

Mtu yeyote mwenye simu Goma, Bukavu, Beni ao Butembo amekwisha kuona ukurasa wa namna hiyo. Biashara ndogo za mashariki mwa Kongo zimehamia kwenye simu: duka la nguo la Birere, saluni ya Himbi, mama anayeuzisha jibini ya Masisi, kijana anayetengeneza simu karibu na Rond-point Signers. Wote wako WhatsApp, wengi wako Facebook, na wale vijana wako TikTok. Kuingia huko si kazi tena. Kazi ni kuuzisha, kwa sababu walio wengi wanaonekana lakini hawauzishi: jioni wanahesabu laiki, na mzigo haujapungua.

Wakati wenyewe si wa kuchezea. AFC/M23 iliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Mabenki yalifunga milango, ndege za abiria zikaacha kutua Goma, na feza ya mkononi ikawa haba. Mteja aliye na noti chache anafikiri mara mbili kabla ya kulipa moto ya kwenda mjini. Mbele ya kutoka nyumbani anataka kujua mambo matatu: kitu kipo? Ni bei gani? Nikifika nitakikuta? Ukurasa unaojibu maswali hayo unauzisha. Usioyajibu ni kalenda ya ukutani.

Kwa nini bei inafichwa

Wauzishaji wana sababu zao za kuficha bei, na si za kijinga.

Ya kwanza ni jirani. Birere maduka yamebanana mlango kwa mlango. Ukiandika dola 12, mwenzako ataandika 11, na kabla ya jioni wote wawili mtakuwa mnauzisha kwa hasara. Ya pili ni desturi: sokoni Virunga ao Kadutu bei ni mazungumzo. Mama anaanzia juu, mteja anaanzia chini, wanacheka, wanakutana katikati. Kuandika bei moja kwenye picha ni kama kumaliza mchezo mbele ya kuanza. Ya tatu ni franka. Inapopanda na kushuka mbele ya dola, bei ya jana inaweza kuwa hasara ya leo. Na kuna ya nne ambayo hakuna anayeisema kwa sauti: bei ya sura. Anayefika na gari hapewi bei ya anayefika kwa miguu.

Kwa jirani, ukweli ni huu: yeye bei yako anaijua tayari. Anatuma mtoto kuuliza, ao anaandika kwa namba ya shemeji yake. Asiyeijua ni mteja peke yake. Kwa mazungumzo, hakuna aliyesema yafe. Muuzishaji anaweza kuandika bei ya kipande kimoja na bei ya anayechukua vitatu, ao akaandika «kuanzia dola 12». Mteja mwenye 10 atajua kama inafaa kujaribu, mwenye 4 hatapoteza wakati wa mtu. Kwa franka, wakaaji wa Kivu wamezoea kuishi na sarafu mbili; hata M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinaweka akaunti ya dola kando na ya franka. Inatosha kuandika bei kwa dola, kuongeza neno «ao franka kwa kiwango cha leo», na kuweka tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana: picha ya mwaka jana inaendelea kuzunguka kwenye makundi, na mteja anafika na bei ya zamani akitaka vita.

Kwa bei ya sura hakuna dawa. Kwenye simu wateja wanaonyeshana kapture. Dada aliyeambiwa dola 15 atamtumia rafiki yake aliyeambiwa 10, na wote wawili hawatarudi. Hapo muuzishaji achague.

Statu, soko la majirani

Watu wanapozungumza juu ya biashara ya mtandaoni wanafikiria Facebook mbele. Lakini kwa muuzishaji mdogo wa Goma ao Bukavu, chombo chenye nguvu zaidi ni statu ya WhatsApp, zile picha zinazopotea baada ya saa 24. Sababu ni rahisi: wanaoitazama ni watu wanaomjua, wanaokaa karibu, na wanaoweza kufika leo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwa kawaida statu inaonwa tu na watu ambao wewe umeandika namba yao na wao wameandika namba yako. Muuzishaji anaweza kuwa na simu iliyojaa namba za wateja, lakini kama wao hawajaweka ya kwake, anaongea peke yake ndani ya nyumba. Na ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, inayobeba mpaka namba 256, ina sharti hilohilo: asiyekuandika kwenye simu yake haupokei.

Basi mtaji wenyewe ni idadi ya watu waliokuandika. Unajengwa dukani, mteja angali amesimama pale akingoja chenji. «Mama, andika namba yangu hapa, weka jina la kitenge Birere, nitakuonyesha mali ikifika.» Anaandika, unamtumia neno moja, unaandika la kwake. Dakika moja. Akishatoka mlangoni, hataandika tena. Wengine wanaandika namba kwa kalamu nene juu ya mfuko wa bidhaa, na ni akili: mfuko unafika nyumbani, unaonwa na jirani na shangazi.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua sambaza alfajiri pale Kituku na kuziuzisha kwa kopo Majengo. Mali yake haingoji kesho. Saa moja ya asubuhi anaweka picha ya beseni iliyojaa, bei ya kopo, na mahali anapokaa. Saa ine anaweka beseni ileile ikiwa nusu. Saa sita anaweka beseni tupu: «Zimeisha. Kesho tena, Mungu akipenda.» Hiyo picha ya tatu ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Anayeiona na hakununua anajifunza kwamba mama huyu kweli anauzisha, na kwamba kesho lazima awahi.

Na kuna asubuhi ambazo hakuna kitu. Sambaza zinavuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mkubwa samaki hawakusanyiki kwenye mwangaza wa taa, na mashua zinarudi nyepesi. Muuzishaji mwingine siku hiyo ananyamaza, ao anaweka picha ya wiki iliyopita ili asisahauliwe. Mwenye akili anaandika: «Leo hakuna, mwezi ni mkubwa. Nitawaambia zikianza kutoka.» Hakuuzisha hata kopo moja, lakini wateja wake wamejua kwamba akisema ziko, ziko.

Wingi wa picha ni mtego. Statu tatu ao nne kwa siku mtu anazitazama. Zikifika arobaini, ule mstari wa juu unakuwa nukta nukta, na kidole kinaruka kwenda kwa mwingine. Ni afazali kitu kimoja kilichopigwa vizuri, karibu na mlango penye mwangaza, kuliko rafu nzima kwenye giza. Na mbele ya kupiga, kifuta kioo cha kamera: nusu ya picha zenye ukungu tunazoziona si kosa la simu, ni mafuta ya vidole.

Kwa wateja wazee, ama wale ambao kusoma kunawachosha, vokali inashinda maandishi. Sauti ya sekunde kumi na tano, yenye salamu na bei, mama mzee ataisikiliza mara mbili na kumsikilizisha binti yake. Ile ya dakika nne hakuna anayeifika mwisho.

Wenye duka kubwa kidogo wanaweza kuhamia WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 na ambayo hailipishwi. Inaruhusu kuweka katalogi ya bidhaa na bei zake, saa za kazi, mahali, na majibu yaliyoandaliwa mbele kwa maswali yanayorudi kila siku. Inaruhusu pia kubandika alama: huyu amelipa, huyu anangojea mzigo, huyu bado anafikiri. Kwa anayepokea maagizo mengi kwa siku, alama hizo peke yake zinapunguza ugomvi. Lakini lile jibu la moja kwa moja, «Asante kwa kutuandikia, tutakujibu hivi punde», ni hatari likifuatwa na kimya cha siku mbili. Mteja aliyeahidiwa na kusahauliwa anakasirika kuliko aliyekuta kimya tangu mwanzo.

Laiki za mbali

Facebook ni jambo lingine. Kule picha inaweza kufika Kinshasa, Kampala, Nairobi, Montreal. Muuzishaji anaamka na kukuta laiki nyingi, anafurahi, halafu anatazama sanduku: hakuna. Mtu wa Montreal hatakuja Ndosho kununua viazi.

Lakini tusiharakishe kumdharau. Mtu huyo ana mama Ndosho. Watoto walio ngambo wanatuma feza kila mara kwa chakula, kwa dawa, kwa kodi ya nyumba, na wengi wangependa kuona feza hiyo imekuwa mfuko wa unga kweli. Duka linaloandika wazi kwamba ndugu aliye mbali anaweza kulipia, mzigo ukapelekwa kwa mama, na picha ya mzigo mlangoni ikatumwa siku ileile, linageuza laiki ya mbali kuwa mteja wa kila mwezi. Hapo neno la mama mwenyewe ndilo tangazo. Akimpigia mtoto wake na kusema unga umefika na haukupunguzwa, hakuna picha inayoshinda hiyo.

Kosa linaloonekana kila siku Facebook ni kuuzisha kwenye akaunti ya mtu, katikati ya picha za ubatizo, mechi na siasa. Akaunti ya mtu inasimama kwenye marafiki 5.000, ukurasa wa biashara hauna mpaka huo, unaonyesha saa za kazi na namba ya simu, na unaweza kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja. Hata hivyo watu wa kwetu wanaamini uso kuliko alama ya duka. Kwa hiyo wanaofaulu wanatumia vyote viwili: mali inawekwa kwenye ukurasa, halafu mwenye duka anaisambaza kwa akaunti yake, kwa jina na uso ambao majirani wanaujua.

Na lugha? Kurasa nyingi zinafunguka kwa Kifaransa cha karatasi, kile ambacho hakuna aliyewahi kukisikia sokoni. Muuzishaji anayecheka na wateja kwa Kiswahili cha Goma kutwa nzima, akishika simu anakuwa katibu wa ofisi. Kwa anayetafuta kazi za mashirika, za hoteli ao za maofisi, sawa: huyo anahitaji Kifaransa safi, fakture na karatasi za biashara yake zikiwa tayari. Kwa anayeuzisha viatu vya watoto, aandike vile anavyosema. «Viatu vya shule, namba 28 mpaka 34, havipasuki mbele ya Noeli» inaeleweka na kila mzazi.

Mahali nako kuandikwe kama tunavyoelekezana. «Goma, RDC» haimsaidii motari yeyote. Jina la mtaa, jengo linalojulikana, rangi ya mlango, namba ya kupiga ukipotea: hivyo ndivyo mtu anavyofika.

TikTok imewapa vijana uwanja, na baadhi wanaamini lazima kucheza muziki ili kuuzisha. Si lazima. Watu wanapenda kutazama mikono inayofanya kazi: fundi akikata kitambaa bila kupima mara mbili, kijana akifungua simu iliyoanguka majini, jibini ya Masisi ikikatwa na kisu kikizama polepole. Video iwe fupi. Wateja wengi wananunua mega za siku moja, na video ya dakika tatu inakula forfe ya mtu ambaye bado hajala. Wengi wanatumia Facebook Lite kwa sababu hiyohiyo. Kitu muhimu, ni kusema bei na mahali, kiandikwe kwa maneno chini ya video, ili hata ambaye haikufunguka kwake apate habari.

Juu ya matangazo ya kulipia, yanataka kadi ya benki ama mtu wa kukulipia, na mtu huyo anachukua faida yake. Mbele ya kutoa feza, mwenye duka atazame ujumbe wake wa wiki iliyopita: ni wangapi hawakujibiwa? Kulipia tangazo la ukurasa usiojibu ni kuwalipia watu moto waje wakute mlango umefungwa.

Jina likichafuka

Kinachowaogopesha wanunuzi zaidi ya bei ni kuibiwa. Hadithi zinafanana: picha ya kuvutia, bei ya chini kuliko kawaida, ombi la kutuma nusu ya feza ili «kuweka mali kando», kisha namba haipatikani. Kila mwizi wa namna hiyo anamwibia pia muuzishaji wa kweli, kwa sababu mteja aliyeumwa mara moja anamuona kila mtu kuwa nyoka.

Kuna pia uongo mdogo ambao wanaoufanya hawauiti uongo. Ni picha ya kuazima. Saluni inaweka misuko iliyopigwa Lagos, fundi wa nguo anaweka gauni la mwanamitindo wa ngambo, muuza viatu anachukua picha ya kiwanda. Mteja anafika na picha hiyo mkononi na anatoka na kitu kingine kichwani. Afadhali msuko wa kawaida uliosukwa hapohapo Himbi, ukuta wa saluni ukionekana nyuma, kuliko kichwa cha malkia kisicho chako. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuijua statu, ambako siku hizi hata chema kinatembezwa. Ila kitembee na sura yake.

Malipo ya simu yana mtihani wake. Mtu anapotuma feza, jina la mwenye namba linamtokea. Kama duka linajulikana kwa jina la mama, na kwenye simu linatokea jina la mwanaume asiyejulikana, kidole kinasimama. Dawa ni kusema mbele: «Ukituma utaona jina hili, ni la mume wangu.» Kwa mteja mpya, walio wengi wanaofaulu wanakubali alipe mzigo ukiwa mkononi, hata kama motari lazima angoje kidogo. Kwa maagizo ya mbali, kwa mfano kitu kinachovuka ziwa kutoka Goma kwenda Bukavu, wanatuma picha ya mzigo uliofungwa, jina la mashua, na saa ya kuondoka. Mteja hatakuwa na sababu ya kupiga simu kila nusu saa.

Siku kosa litatokea, na litatokea, mtu ataandika mbele ya wote kwamba kitenge kimetoa rangi. Wengi wanafuta maneno hayo na kumfungia mteja. Naye ana kapture tayari, na ana makundi matatu ya WhatsApp. Mwingine anajibu palepale: «Pole sana mama. Kilete kesho, tutabadilisha.» Anayepita na kusoma jibu hilo hakumbuki sana rangi. Anakumbuka kwamba hapa ukidanganyika kuna mtu wa kuongea naye.

Kuna pia mambo ambayo hayafai kuwekwa hata kama yangeleta laiki. Rundo la noti mezani na maneno «leo Mungu ametenda» ni mwaliko kwa wezi, na Goma watu wanajua usiku unavyoweza kuwa mrefu. Mlango wa mteja, namba ya gari yake, watoto wake: hapana, isipokuwa amekubali. Ile sheria ya mambo ya kidijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inagusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu, lakini hata bila sheria, mteja aliyejikuta kwenye statu ya duka bila kuulizwa hatarudi.

Na habari za risasi si mali ya duka. Katika siku za vita kila simu inakuwa redio. Muuza simu anayesambaza kwamba fulani wamefika mahali fulani, bila kujua kama ni kweli, anaweka jina la duka lake upande mmoja, na kesho mtu atakuja kumuuliza. Siku mtaa unapolia wafu wake, tangazo la «bei ya sherehe» nalo linaumiza. Kunyamaza siku moja hakujaua duka.

Siku mtandao unapokatika

Ukurasa ambao umeujenga miaka mitano hauko mkononi mwako. Wafanyabiashara wa Kongo walijifunza hivyo mapema. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima na ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima kwa saa kadhaa duniani kote, kwa hitilafu ya kampuni yenyewe. Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya Goma kubadilika mikono, X na TikTok zilifungwa kwa watumiaji wa Kongo. Vijana waliokuwa na wafuasi wengi TikTok na hawakuwa na namba ya mteja hata mmoja walikuta siku hiyo hawana mtu wa kumwita.

Na kuna siku ambapo mtandao upo lakini watu ndio wametawanyika. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, wakaaji walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na ngambo ya mpaka Rwanda. Duka lililokuwa na wateja wa mtaa mmoja lilijikuta na wateja wa miji mitano.

Kwa hiyo chombo cha mwisho cha biashara ya mtandaoni ni cha zamani: daftari. Jina la mteja, namba yake, mtaa, alichonunua, na kama ana deni. Anayelo anaweza kupiga simu ao kutuma SMS intaneti ikikatika. Anaweza pia kuanza upya akaunti ikiibiwa, na akaunti zinaibiwa kwa njia ya aibu kabisa. Mtu anaandika kwa jina la rafiki yako kwamba amekutumia kwa bahati mbaya namba za tarakimu sita, umrudishie. Tarakimu hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, baada ya muda mfupi wateja wako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako, na walio na moyo mzuri ndio wanaotuma. Kinga ni kuingia kwenye mipangilio na kuweka namba ya siri ya hatua ya pili, na kutompa mtu yeyote zile tarakimu sita, hata kama ni shemeji. Kwa ukurasa wa Facebook, mtu wa pili unayemwamini awe msimamizi, ili simu ikianguka ziwani ukurasa usizame nayo.

Laini nayo ichungwe. Namba ambayo imeandikwa juu ya mifuko mia kadhaa haibadilishwi kwa sababu mtandao mwingine umeshusha bei ya mega. Simu nyingi zinabeba laini mbili: moja ibaki ya wateja, nyingine ifuate mega za bei nafuu.

Turudi Birere, kwa vile vitenge vitatu vya manjano na bluu. Picha ileile inaweza kurudi kesho asubuhi, bila mapambo, na maneno haya chini yake: «Yadi 6, dola 12 ao franka kwa kiwango cha leo. Vimebaki vitatu. Birere, mlango wa kijani, mpaka saa kumi. Moto inaweza kuleta.» Swali la kwanza litakaloingia halitakuwa la bei. Litakuwa: «Mama, haina ya kijani?»